Kabla Dari Haijashuka

Mchimbaji wa makaa ya mawe katika Pennsylvania au West Virginia ya miaka ya 1890 alianza siku yake kwa kugonga. Aliinua sururu akaipiga dari iliyokuwa juu ya kichwa chake, na kiganja cha mkono mwingine akakibandika kwenye mwamba ili ahisi unavyotetema. Mlio mkavu na mwembamba ulimwambia kwamba mwamba umeshikamana. Mlio mzito, wenye uwazi ndani yake, ulimwambia kwamba tabaka la chini limekwisha kuachana na la juu. Hapo alikata gogo kwa kimo cha chumba, akalisimamisha wima, akapachika kabari kati ya gogo na dari, akaipigilia mpaka ikakaza. Wachimbaji wa dhahabu wa Geita huyaita magogo ya namna hiyo matimba, na kazi yake mpaka leo ni hiyohiyo.

Hakuna aliyemwambia alisimamishe gogo wapi. Migodi mingi ya Marekani ilichimbwa kwa mtindo wa vyumba na nguzo: njia zilitobolewa ndani ya tabaka la makaa, vyumba vikachongwa pembeni mwa njia, na kati ya chumba na chumba yakaachwa makaa mazima yasiyoguswa, ndiyo nguzo za kuubeba mlima. Kila chumba kilikuwa na mwenyewe. Alikichimba peke yake au na mwenzake, mara nyingi baba na mwanawe, na nyapara alipita mara moja kwa siku, tena kwa haraka. Usalama wa dari ukawa jambo la mtu binafsi: jicho lake, sikio lake, na ujuzi aliourithi kwa baba au kwa jirani.

Sikio hilo lilikuwa na mipaka. Juu ya matabaka mengi ya makaa ya Appalachia kuna mashina ya miti ya kale, yamesimama palepale yalipoota miaka milioni 300 hivi iliyopita, yakazikwa na matope na kugeuka jiwe. Gome lake limekuwa utando mwembamba wa makaa unaoteleza. Makaa ya chini yakiondolewa, shina zima, lenye uzito wa mamia ya kilo, huchomoka na kushuka bila mlio wala ufa wa kutanguliza habari. Mtu mwenye sikio kali kuliko wote hakuwa na la kufanya, isipokuwa kama gogo lilikwisha kusimamishwa chini ya shina hilo kabla yeye hajajua kwamba linahitajika. Historia nzima ninayoisimulia hapa imo katika hilo neno "kabla".

Halafu kulikuwa na ujira. Mchimbaji alilipwa kwa tani ya makaa aliyoipakia kwenye behewa, si kwa saa alizokaa chini. Kutandika reli, kuondoa mawe, kusimamisha magogo, yote hayo yalihesabiwa kuwa kazi isiyozaa, na kampuni nyingi hazikuilipa hata senti. Saa moja ya kukata na kukaza gogo ilikuwa saa moja iliyopunguza chakula cha watoto. Wachimbaji wa Colorado walipogoma mwaka 1913, katika mgomo uliozaa mauaji ya Ludlow ya Aprili 1914, malipo kwa kazi hiyo yalikuwa miongoni mwa madai yao. Waliosema kwamba aliyekufa chini ya dari alikuwa mzembe hawakuuliza uzembe huo ulilipiwa na nani.

Desemba 6, 1907, mlipuko uliua watu 362 katika migodi ya Monongah, West Virginia. Siku 13 baadaye mlipuko mwingine uliua watu 239 katika mgodi wa Darr, Pennsylvania. Mwaka huo peke yake migodi ya makaa ya Marekani iliua watu 3,242, idadi ambayo haijafikiwa tena. Magazeti yakajaa picha za wajane wakisubiri mdomoni mwa migodi, na wanasiasa wakashtuka. Mwaka 1908 serikali iliwaalika wataalamu watatu kutoka Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza. Mwaka 1910 ikaundwa Ofisi ya Migodi, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Joseph A. Holmes, na huko Bruceton karibu na Pittsburgh ukachimbwa mgodi wa majaribio ambamo vumbi la makaa lililipuliwa makusudi ili watu wajifunze tabia yake. Kazi hiyo ilileta matunda makubwa: unga wa chokaa ulionyunyizwa kwenye njia za migodi, uchanganyike na vumbi la makaa na kulinyima moto, umeokoa maisha ya watu wasiohesabika.

Lakini swali walilopewa wageni wale watatu lilihusu milipuko tu. Na katika miaka ya kawaida, takriban nusu ya waliokufa chini ya ardhi waliuawa na mwamba ulioanguka. Waliondoka mmoja leo, wawili keshokutwa, katika kijiji hiki na kile. Mwili ulipandishwa juu kwa behewa, ukafikishwa nyumbani, na zamu ya jioni ikateremka kama kawaida. Hakuna mbunge aliyepanda treni kwenda kutazama chumba kimoja kilichobomoka. Karne ya 20 ilipokwisha, zaidi ya wachimbaji wa makaa 100,000 walikuwa wamekufa migodini nchini Marekani, na wengi wao hawakufa katika maafa yenye jina. Hao wa mmoja mmoja ndio walioyajaza makaburi.

Lakini mwanzoni mwa karne hiyo, ng'ambo ya Atlantiki, jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Katika migodi ya Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, menejimenti ilikuwa imeondoa uamuzi wa gogo mikononi mwa mchimbaji mmoja mmoja. Umbali kati ya gogo na gogo, na kati ya gogo la mwisho na uso wa makaa, ulikuwa umewekwa kwa kanuni, na kanuni hiyo ilifuatwa hata pale dari ilipoonekana imara kabisa. Huko hapakuwa na kungoja mlio. Vijana walifundishwa mpangilio mmoja, na wasimamizi walipita kuupima. Vifo vya kuangukiwa na mwamba vikawa vichache kiasi kwamba wakaguzi wa Uingereza walivuka bahari kwenda kuutazama utaratibu huo na kuuandikia ripoti. Sheria ya migodi ya Uingereza ya 1911 ikaingiza wajibu wa kusimamisha magogo kwa utaratibu uliopangwa.

Jina la Courrières, hata hivyo, ulimwengu haulikumbuki kwa magogo yake. Machi 10, 1906, vumbi la makaa lililipuka ndani ya migodi hiyohiyo na kuua watu 1,099, maafa makubwa kuliko yote katika historia ya migodi ya Ulaya. Ninapoliwaza jambo hili huniuma kila mara. Kampuni ileile iliyokuwa imeipangia dari kwa uangalifu usio na mfano haikuwa imelipangia vumbi. Mpango hulinda dhidi ya kile ulichokifikiria tu, na dari ilikuwa imefikiriwa.

Marekani haikuiga mara moja. Dari za Appalachia na Illinois zilikuwa za namna nyingi, wamiliki walikuwa maelfu, sheria zilikuwa za majimbo na wakaguzi wachache, na Ofisi ya Migodi haikupewa hata mamlaka ya kuingia mgodini bila ruhusa mpaka mwaka 1941. Ilibaki kushauri, kuchapisha vijitabu na kuhesabu maiti. Kisha zikaja mashine. Kuanzia miaka ya 1920 mashine za kupakia zilianza kuchukua nafasi ya koleo, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ikatokea mashine inayokata na kupakia makaa kwa mfululizo bila kusimama. Mashine hizi zilitaka nafasi ya kugeuka, na msitu wa magogo uliosimama katikati ya njia ukawa kero. Dereva aliligonga gogo, gogo likaanguka, dari ikalifuata. Zaidi ya hayo, kelele ya injini ilikuwa imelizima lile sikio la mchimbaji. Hakuna aliyeweza tena kuusikia mwamba ukilalamika.

Jawabu lilitoka katika migodi ya madini ya risasi. Kampuni ya St. Joseph Lead, huko Missouri, ilikuwa imekwisha kutumia fimbo za chuma zilizokazwa ndani ya dari, badala ya magogo yanayoibeba kutoka chini. Mwaka 1947 Ofisi ya Migodi ilianza kuzijaribu katika makaa, na mgodi mmoja wa Staunton, Illinois, ukawa mahali pa mwanzo pa kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Tundu hutobolewa wima kwenye dari, urefu wa mita moja mpaka mbili hivi. Bolti huingizwa, na ncha yake ya juu ina kifuko cha chuma kinachotanuka na kung'ang'ania mwamba. Chini huwekwa bamba, kisha bolti hukazwa kwa nguvu iliyopimwa. Ikiwa juu kuna mwamba imara, bolti hulitundika lile tabaka dhaifu kwenye huo mwamba. Ikiwa hakuna, bolti nyingi kwa pamoja huyabana matabaka membamba yawe boriti moja nene: kurasa za kitabu hupinda zikiwa huru, lakini ukizibana kwa vibanio pande zote kitabu kizima hukataa kupinda.

Furaha ilikuwa kubwa. Njia zilibaki wazi, mashine zikapita, na wahandisi wa serikali, pamoja na chama cha wachimbaji kilichoongozwa na John L. Lewis, waliamini kwamba muuaji mkubwa wa migodini amepatiwa dawa. Katika miaka michache tu bolti zilikuwa zimeenea katika mamia ya migodi. Ni nadra teknolojia ya usalama kukumbatiwa kwa kasi namna hiyo, na sababu yake ni kwamba ilikuwa pia teknolojia ya uzalishaji.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Vifo vya kuangukiwa na dari, vikipimwa kwa saa za kazi, havikushuka katika miaka ya 1950 kama ilivyotarajiwa. Mhandisi Christopher Mark, ambaye nitarudi kwake, aliichambua miaka hiyo baadaye na kuiita hadithi ya kuonya. Bolti iliwekwa mahali pa gogo, lakini hakuna kilichowekwa mahali pa fikra. Umbali kati ya bolti na bolti ulikisiwa. Nguvu ya mshiko wa kile kifuko cha juu haikupimwa ipasavyo, na katika mwamba laini wa matope yaliyogandamana kililegea taratibu bila mtu kuona. Njia zilipanuliwa kwa sababu sasa iliwezekana kuzipanua. Na mtu wa kufunga bolti, ili aifunge, alilazimika kusimama chini ya dari ambayo bado haikuwa na bolti. Chombo kilichotengenezwa kumlinda kilimpeleka mbele kuliko alivyokuwa akienda zamani.

Sheria nayo ilikuwa ikitazama kwingine. Desemba 21, 1951, mlipuko katika mgodi wa Orient No. 2, West Frankfort, Illinois, uliua watu 119. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya shirikisho iliyowapa wakaguzi meno, lakini ililenga kuzuia maafa makubwa, yale yanayoua watu watano au zaidi kwa mara moja, na migodi midogo yenye wafanyakazi chini ya 15 ikaachwa nje. Rais Harry Truman aliitia saini huku akieleza hadharani kwamba haitoshi. Aliyekufa peke yake chini ya jiwe hakuwa amefikisha idadi ya kuitwa maafa.

Ilibidi wengine 78 wafe. Novemba 20, 1968, mgodi wa Consol No. 9 karibu na Farmington, West Virginia, ulilipuka alfajiri, na moshi wake ukaonekana katika televisheni nchi nzima. Wajane wa Farmington walikwenda Washington. Wachimbaji wa West Virginia waligoma, hasa kwa ajili ya ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi. Desemba 30, 1969, Rais Richard Nixon alitia saini Sheria ya Afya na Usalama katika Migodi ya Makaa. Safari hii sheria iliyozaliwa na mlipuko iliikumbuka dari.

Kifungu kinachohusika hakina maneno ya kusisimua. Kila mwendeshaji wa mgodi wa chini ya ardhi anatakiwa kuwa na mpango wa kudhibiti dari, unaofaa kwa mwamba wa mgodi wake na namna anavyochimba. Mpango huo uandikwe, uidhinishwe na serikali, upitiwe upya kila baada ya miezi sita au mapema zaidi, na nakala yake ipatikane kwa wachimbaji. Na mtu yeyote asivuke mhimili wa mwisho wa kudumu mpaka mhimili wa muda uwekwe kwanza.

Ukifungua mpango mmoja wa aina hiyo, utakuta mchoro wa matabaka yaliyo juu ya makaa, moja baada ya jingine na unene wake. Utakuta upana wa njia: pale bolti zinapotumika peke yake, futi 20, yaani mita sita hivi, ndio mpaka wa kawaida, na zaidi ya hapo yaongezwe magogo. Utakuta umbali kati ya bolti na bolti, kwa kawaida usiozidi futi tano kila upande. Utakuta ukubwa wa nguzo, aina ya chuma, nguvu ya kukazia, na hatua za kufuata pale mashine inapokata makutano ya njia mbili, mahali ambapo dari ni pana na huanguka mara nyingi zaidi. Kila anguko lisilopangwa linalofika juu ya mshiko wa bolti linatakiwa liwekwe alama kwenye ramani ya mgodi, ili atakayepanga sehemu ya jirani alione. Hapo ndipo ule ujuzi uliokuwa ukifa na mchimbaji mmoja chumbani mwake ulipoanza kukaa kwenye karatasi.

Baada ya sheria hiyo mambo yalikwenda haraka, na sitayachelewesha. Bolti za kifuko zilianza kuachia nafasi zile zinazogandishwa kwa gundi tundu zima. Mashine za kufunga bolti zilipewa mikono ya haidroliki inayoinuka na kuikandamiza dari kabla mtu hajasogea. Kanuni za 1988 zikaifanya mikono hiyo kuwa lazima. Mashine za kukata makaa zikaanza kuongozwa kwa rimoti, mwendeshaji akibaki nyuma chini ya bolti zilizokwisha kukazwa. Hatua mbili tatu mbele ya safu ya mwisho ya bolti, mtu akifuata kifaa alichokiacha au akitaka kuchungulia tu, zilikuwa zimeua wachimbaji wengi wenye uzoefu wa miaka mingi. Mstari huo sasa ukafundishwa kwa kila mgeni tangu siku yake ya kwanza.

Christopher Mark ni mtoto wa Princeton. Baba yake, Robert Mark, alikuwa profesa wa uhandisi aliyetumia mifano ya plastiki na mwanga kuchunguza jinsi makanisa makubwa ya Ulaya ya zama za kati yanavyoubeba uzito wa paa zake za mawe. Mwana alikataa njia ya baba, akaenda kufanya kazi ya mikono katika mgodi wa makaa wa West Virginia miaka ya 1970. Alichokiona chini ya ardhi kilimrudisha shuleni, akasomea uhandisi wa migodi katika Penn State, kisha akaingia Ofisi ya Migodi. Akawa anauliza swali lilelile la baba yake, kwa nini dari inasimama, ila kwa dari ambayo hakuna aliyeijenga.

Yeye na wenzake walikwenda mgodi hadi mgodi wakipima. Mwaka 1994 Mark na Gregory Molinda walichapisha kipimo cha ubora wa dari chenye alama kutoka 0 mpaka 100, kinachohesabu unene wa matabaka, nyufa, nguvu ya mwamba na jinsi unavyoathiriwa na maji. Kuhusu maji, wachimbaji walikuwa na habari tangu zamani: dari huanguka zaidi majira ya joto, kwa sababu hewa yenye unyevu huingia mgodini, hupoa, na matone yake huuvimbisha ule mwamba wa matope. Jambo jingine halikuwa dhahiri hivyo. Dari nyingi hazikuwa zikivunjwa na uzito wa juu, bali na msukumo wa pembeni uliomo ndani ya ardhi yenyewe, na katika mashariki ya Marekani msukumo huo una mwelekeo unaojulikana. Njia iliyochimbwa sambamba nao hutulia. Iliyochimbwa kuukata hupasuka. Mpangaji akiijua dira ya msukumo anaweza kuugeuza mgodi mzima kwenye karatasi, na kuokoa watu bila kuongeza bolti hata moja. Ofisi ya Migodi ilifungwa mwaka 1996, lakini watafiti wa usalama walihamishiwa taasisi nyingine ya serikali, na programu zao za kompyuta za kukokotoa ukubwa wa nguzo zikasambazwa bure kwa wahandisi na wakaguzi.

Kisha likaja Crandall Canyon, na hapa inafaa kwenda polepole.

Mgodi huo ulikuwa katika Kaunti ya Emery, Utah, chini ya milima, kwenye kina kirefu mno. Makaa ya maeneo makubwa yalikwisha kuchimbwa pande zote mbili za njia kuu za magharibi, na kilichobaki ni kuta nene za makaa zilizoachwa makusudi kuzilinda njia hizo. Agosti 2006 mgodi uliingia mikononi mwa kampuni dada ya Murray Energy, na wamiliki wapya waliendelea na azma ya kuzichimba kuta hizo zenyewe: kwanza kuzitoboa ziwe nguzo, halafu kurudi nyuma huku nguzo zikikatwa moja moja na dari ikiachwa ianguke nyuma ya watu. Ni kazi ya hatari hata chini ya kilima kidogo. Hapa juu ya nguzo kulikuwa na zaidi ya mita 600 za mwamba.

Mpango ulikuwepo. Ulikuwa umeandikwa, ulikuwa na hesabu za kampuni ya washauri wa uhandisi, na ulikuwa na idhini ya serikali. Machi 2007, katika ukuta wa kaskazini, nguzo zilipasuka kwa kishindo na kurusha makaa kiasi kwamba eneo hilo liliachwa. Tukio hilo halikuripotiwa kwa serikali inavyotakiwa. Washauri wakapiga hesabu upya, nguzo zikabadilishwa ukubwa kidogo, na kazi ikahamia ukuta wa kusini, chini ya mlima uleule, kando ya eneo jingine lililokwisha kuchimbwa.

Saa 8:48 usiku wa kuamkia Agosti 6, 2007, nguzo zilishindwa. Ilipoanza kushindwa moja, uzito wake ulihamia kwa jirani, na jirani akashindwa pia, mpaka eneo la karibu kilomita moja likabomoka kwa sekunde chache. Mitambo ya kupima matetemeko ilisoma 3.9. Wachimbaji sita walikuwa ndani. Mmiliki, Robert Murray, alisimama mbele ya kamera na kusisitiza kwamba ni tetemeko la ardhi lililoleta balaa. Wanasayansi wa matetemeko walisema kinyume: mtikisiko huo ulikuwa ni mgodi wenyewe ukianguka. Waokoaji walichimba kupitia kifusi huku mashimo yakitobolewa kutoka kileleni kutafuta dalili ya uhai. Agosti 16 ukuta ulipasuka tena juu ya waokoaji hao. Watatu walikufa, mmoja wao mkaguzi wa serikali, na sita wakajeruhiwa. Miili ya wale sita wa kwanza haijatolewa mpaka leo.

Ripoti ya serikali ya Julai 2008 ilisema wazi kwamba halikuwa tetemeko. Hesabu za washauri zilikuwa na kasoro, nguzo zilipewa nguvu ambazo hazikuwa nazo, na ishara ya Machi haikusomwa. Kampuni ikatozwa faini, washauri wakatozwa faini. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Kazi naye aliikosoa idara ya usalama wa migodi kwa kushindwa kuonyesha kwamba ilikuwa imeupima mpango huo sawasawa kabla ya kuuidhinisha. Waliokufa hawakuvuka safu ya mwisho ya bolti wala kusahau kugonga dari. Walikuwa wakifanya kazi chini ya mpango uliokuwa na mihuri yote.

Naamini Crandall Canyon lilibadilisha maana ya mpango kuliko tukio lolote tangu 1969. Tangu hapo mipango ya kung'oa nguzo chini ya milima mirefu ilianza kupitiwa na wataalamu waliofunzwa kazi hiyo, wakidai kuona data zilizoingizwa kwenye kompyuta na sababu za kila namba. Mark na wenzake walizirekebisha programu zao kwa kutumia kumbukumbu za migodi mingi zaidi ya kina kirefu, iliyofaulu na iliyobomoka, ili hesabu ipimwe dhidi ya yaliyotokea kweli.

Mwaka 1968 dari za migodi ya makaa ya Marekani ziliua watu karibu 100. Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza tangu takwimu zianze kuwekwa, hazikuua mtu hata mmoja. Ni kweli kwamba wachimbaji wamepungua sana, lakini kupungua huko hakuelezi yote. Kiwango cha vifo kwa saa za kazi kimeshuka pia, na kimeshuka sana.

Katika maporomoko ya mwamba, kinachoua zaidi sasa ni kuta. Nguzo za makaa zikibanwa na uzito wa juu, pembe zake hubanduka na kumwangukia aliye kando, na kadiri migodi inavyozidi kwenda chini na matabaka kuwa manene, ndivyo vipande vinavyobanduka vinavyozidi kuwa vikubwa. Kwa miaka mingi mipango ilisema machache kuhusu kuta, kwa sababu macho yote yalitazama juu. Watafiti wa serikali wameunda kipimo cha kuta kinachofanana na kile cha dari cha 1994, ili mhandisi ajue, akiwa bado mezani, ni nguzo ipi ifungwe wavu na bolti za pembeni kabla mashine ya kwanza haijaikaribia.